Mbalamwezi ya Sura ya Saba

Mwezi uliopita nilikwenda Usagara kumzika Mzee Bundala. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa wanawake nyuma ya nyumba, sahani ya wali na maharage mapajani, mgeni kati ya watu waliojuana, ndipo mwanamke mwenye kanga mbili kiunoni akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa Shija, binti wa marehemu, yule aliyefuata baada ya mapacha Kulwa na Doto, na kwa Wasukuma mtoto wa nafasi hiyo jina lake humsubiri kabla hajazaliwa. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na sare ya shule ya msingi na kidonda gotini. Akaniamkia, nikaitikia, nikampa pole, naye akaipokea huku ananichunguza. "Dada Vero," akasema, "wewe ndiye mpiga chapa?" Nikamjibu kama mshitakiwa aliyefundishwa na wakili: kwamba enzi zile wapiga chapa Mwanza tulikuwa wengi. Akatabasamu kidogo, akasema ana jambo anataka kuniambia, lakini jikoni wakamwita, akainuka. Nikabaki na wali uliopoa. Nilidhani najua anachotaka kusema. Ni kitu nilichomfanyia baba yake nikiwa na miaka ishirini, na sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu ambaye husimuliwa mpaka ndoto.

Mwaka ule nilikuwa katika ofisi ya Bi Zuhura, chumba kimoja nyuma ya soko kuu, kati ya fundi saa na mama aliyeuza makoti ya mitumba ambayo hakuna aliyeyahitaji kwa joto la Mwanza. Tulikuwa na taipureta tatu, moja mgonjwa, na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, iliyokaa pembeni ikiwa imefunikwa kitambaa cha maua. Ukiingia ulipokelewa na harufu ya wino, ya stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, na ya dawa nyekundu ya kusahihishia ambayo mwenzangu Leokadia aliwahi kujipaka kwenye kucha, akakaa nayo wiki mbili. Ulikuwa mwaka ambao kila mtu mjini alionekana ama anaanzisha kitu au anafukuzwa kwenye kitu. Wa kuanzisha walikuja tuwachapie katiba za vikundi na maombi ya leseni; wa kufukuzwa walikuja tuwachapie barua za kuomba kazi kwenye viwanda vipya vya minofu ya sangara. Bi Zuhura, mtoto wa mjini ambaye babu zake waliuza nguo hapo tangu reli inafika, aliwapokea wote kwa kahawa ileile. Leokadia, Mhaya wa Bukoba, alikuwa na kasi kuliko mimi. Mimi nilisifiwa kwa jambo jingine: nilisoma nilichochapa. Bi Zuhura alisema Leokadia ana vidole na Vero ana macho, na maneno hayo yalinilevya miezi mizima.

Mzee Bundala alikuja kwetu akiwa miongoni mwa waliofukuzwa. Kwa miaka mingi alipima pamba na kuipangia madaraja katika kiwanda kimoja cha kuchambulia upande wa Misungwi, na wanunuzi binafsi walipoingia kiwanda kikafungwa, mashine zikaachiwa popo. Wenzake walinunua baiskeli, au ng'ombe, au walioa mke wa pili. Yeye alihamia Kiseke, ambako wakati ule kulikuwa na mihogo na mawe tu, akanunua madaftari, akaanza kuandika riwaya za upelelezi. Alitukabidhi sura moja moja, tukachapa kwenye stensili, tukarudufu, tukapiga pini, naye akavibeba vile vitabu vyembamba vyenye jalada la manjano akaviuza stendi na sokoni. Alikuwa mrefu, amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni, na alipenda kukaa kwenye benchi letu wakati tunachapa, eti anasikiliza kama maneno yake yanalia vizuri kwenye mashine. Siku moja nilimwuliza kwa nini wauaji wake wote ni wasomi, tena wenye adabu.

"Wauaji wajinga wamejaa mahabusu, mwanangu," akasema. "Hao hawana hadithi. Mimi namtaka mwerevu."

"Sasa mwerevu atakamatwaje?"

"Kwa huo huo werevu. Sikiliza. Mkulima mjinga akitia mchanga kwenye pamba ili gunia liwe zito, anautia juu juu, namwona palepale. Mwerevu anautia katikati. Mara ya kwanza simwoni. Mara ya pili simwoni. Mara ya tatu anakuja ananiuliza habari za watoto, anacheka, wala haitazami mizani yangu. Mwenye pamba safi macho yake hayatoki kwenye mizani, anaogopa nisimpunje. Huyu haogopi. Basi hapo ndipo natia mkono kwenye gunia mpaka kwapani."

Tangu hapo nimesoma riwaya nyingi za namna hiyo, za kununua na za kuazima, nyingine zimekosa jalada, na kila nikifika mwisho swali lilelile hunirudia. Kwa nini waandishi humwangusha muuaji mwerevu kwa kujiamini kwake? Wangeweza kumwangusha kwa bahati mbaya, au kwa woga, au kwa mke aliyekasirika. Nadhani ni kwa sababu makosa mengine yote mwerevu anaweza kuyakagua. Anafuta alama za vidole, anachoma shati, anapanga mashahidi, anarudia kuhesabu saa. Kujiamini hakukaguliki, maana ndiko kunakofanya ukaguzi. Haya nayasema leo, nikiwa na miwani na wajukuu wawili. Wakati ule nilidhani maneno ya Mzee Bundala yanawahusu wauaji tu.

Mchana tulikula kwa Mama Nyamizi, kibanda cha mabati upande wa pili wa barabara. Minofu ya sangara ilikuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa, na Mama Nyamizi aliyachemsha kwa nyanya na pilipili mpaka ukasahau kilichosafiri. Hapo ndipo wasomaji wa Mzee walipokutana: fundi saa, makarani wa stendi, mwalimu mmoja wa hesabu, na Mama Nyamizi mwenyewe ambaye hakujua kusoma lakini alisomewa na hakusahau neno. Bi Zuhura aliwapa kurasa zilizochafuka wino, kwa hiyo walikuwa wanaijua hadithi kabla haijauzwa. Na Mzee alikuwa na desturi yake. Sura ya mwisho hakuileta pamoja na nyingine. Aliileta siku ya mwisho kabisa, imekunjwa mfukoni, na kabla ya kuitoa alitaka kila mmoja amtaje muuaji na aseme alijikwaa wapi. Vitabu viwili vya kwanza nilimtaja muuaji na nikataja alipojikwaa. Mwalimu wa hesabu alinipigia makofi. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alifurahi kama mtu aliyempata hatimaye wa kucheza naye bao.

Kitabu cha tatu kilikuwa kirefu kuliko vyote, na sote tulijua kimebeba nini. Binamu yake Bi Zuhura alikuwa na rafiki katika kampuni moja ya vitabu Dar es Salaam, na huyo binamu angesafiri kwa treni siku ya Ijumaa na nakala ya kumpelekea. Kikikubaliwa, Mzee Bundala angekuwa mwandishi wa kitabu chenye mgongo, kinachosimama kwenye rafu. "Nikikipata hicho," alituambia, "nitakuwa sikufukuzwa kazi. Nitakuwa nilihama."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mnunuzi wa pamba anakutwa amekufa kwenye mawe ya ufukweni. Wanaoshukiwa ni watatu: mjane wake, mdogo wake, na Sospeter, mhandisi mpole ambaye ni rafiki wa kila mtu na anamsaidia Inspekta kwa moyo wote. Kufika sura ya nne nilikuwa nimeshampata muuaji wangu. Ni mjane. Alikuwa na ufunguo ambao hakupaswa kuwa nao, na nilimtangazia Leokadia kabla ya chai ya saa nne. Katika sura ya tano Sospeter alieleza alikokuwa usiku wa mauaji: alikuwa ziwani na wavuvi wa dagaa, wavuvi wawili walimshuhudia, na shati lake lilikuwa na masizi ya taa ya karabai. Nikachapa, nikapita. Kisha katika sura ya saba mlinzi wa ghala akasema kwamba usiku huohuo aliuona mwili kwenye mawe kutoka mbali, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa imetanda, nyeupe kama mchana.

Mikono yangu ikasimama. Mimi nimekulia ufukweni, na mtoto yeyote wa ufukweni anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani. Taa ndiyo inayowaita. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi hupandishwa mchangani, wavuvi wakashona nyavu na kulala na wake zao. Nawe unayesoma bila shaka umeshaelewa. Mimi sikuelewa, na hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Niliona kosa lenyewe, wazi, mbele ya pua yangu, nikasema moyoni: maskini, mzee wa pamba huyu, ziwa halijui. Muuaji wangu alikuwa mjane, kwa hiyo chochote kisichomhusu mjane kilikuwa kosa la mwandishi. Tena nilikuwa nimeshamrekebisha mara mbili kimyakimya, jina la mtu lililobadilika njiani na Jumanne iliyogeuka Jumatano, naye hakugundua. Alikuwa akijisifu kwamba harudii kusoma alichokwisha kuandika. "Ng'ombe hanywi maziwa yake," alikuwa akisema.

Basi nikaiondoa mbalamwezi. Nikaweka giza totoro, na kwa kuwa mlinzi alihitaji kuona, nikampa tochi. Sentensi tatu tu. Niliipenda sana ile tochi. Niliitia hata betri zinazofifia, ili msomaji apate wasiwasi. Nilimaliza ukurasa nikijiona nimemfungia mtu kifungo cha shati kabla hajaingia kwa wageni, na sikumwambia yeyote, kwani wema wa kujitangaza una wema gani.

Sura ya mwisho ilikuja Alhamisi, saa tano asubuhi. Wakati huo kurasa nyingine zote zilikuwa zimerudufiwa na kupangwa mezani kwa mafungu. Jana yake kwa Mama Nyamizi nilikuwa nimemtaja mjane mbele ya watu wote, na ufunguo wake, na Mzee alikuwa ameinamia bakuli lake asicheke. Nikafunga stensili, nikaanza kuchapa. Katika ukurasa wa pili Inspekta anamwambia Sospeter kwa upole: "Bwana mhandisi, usiku ule mlinzi aliiona maiti kwa mbalamwezi. Wewe ulikuwa unavua dagaa gani?" Na Sospeter, ambaye amepanga mashahidi, masizi, mpaka harufu ya samaki kwenye nywele, anagundua kwamba kitu kimoja hakukifanya. Hakutazama juu. Ndivyo Mzee alivyoandika, hakutazama juu, na aya ikaishia hapo. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kutuletea, na mimi nilikuwa nimeshaing'oa mizizi.

Dawa ya kosa lile ilikuwa rahisi, na naisema ili nisijitetee: stensili moja, karatasi za ukurasa mmoja, kazi ya saa moja na nusu. Ilinipasa tu kusimama na kusema, "Bi Zuhura, nimekosea." Mzee alikuwa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa kahawa na kutikisa mguu kwa furaha. Leokadia alikuwa anapuliza stensili yake ikauke. Nami ndiye niliyekuwa na macho. Nikachapa mpaka mwisho.

Kisha nikafikiri kama muuaji wake, na ninaona aibu kusema kwamba kulikuwa na raha ndani yake. Nilijiuliza ushahidi uko wapi. Ulikuwa mahali pamoja tu: katika daftari, kwenye karatasi ya sura ya saba yenye maneno ya mlinzi, kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ikiisha madaftari hurudishwa kwa mwenyewe. Karatasi ile isipokuwepo, angeona kitabu hakina mwezi, angedhani alikusudia kuuandika akasahau, na mambo yangeishia hapo. Mtu mjinga angeichana kwa haraka akaacha kipande kinaning'inia kwenye pini. Mimi sikuwa mjinga. Wengine walipovuka barabara kwenda kula, nikachukua wembe wetu wa kukwangulia makosa, nikaupitisha polepole kwenye kunjo la mgongo wa daftari, pale pini zinapokamata, nisiache hata uzi. Ukilifungua usingejua. Nikaikunja ile karatasi, nikaisukuma chini ya mkeka mnene wa sufu tuliouweka chini ya taipureta kupunguza kelele, nikaenda kula, na nakumbuka nilikula vizuri.

Kitabu kilitoka. Baada ya siku chache, kwa Mama Nyamizi, mwalimu wa hesabu akauliza kwa heshima, "Mzee, samahani, huu mwezi wa mwishoni umetoka wapi? Huku sura ya saba ni giza, mlinzi ana tochi."

"Niliandika mbalamwezi," akasema Mzee.

Wakamfungulia. Akaisoma tochi yangu, kidole kikifuata mstari, akairudia, akafunga kitabu. Mama Nyamizi akamwambia, "Siku hizi unachoka, baba," akamwongezea mchuzi bila kuombwa. Tulipoinuka alinisubiri kwenye kivuli cha ukuta wetu. "Vero mwanangu," akaniuliza, "mimi niliandika mbalamwezi au sikuandika?"

"Nilichapa kama ilivyokuwa, mzee," nikasema. Sauti haikuyumba. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru.

Kampuni ya Dar ilirudisha nakala na barua fupi: hadithi nzuri, lakini mwisho hauoani na katikati. Nilitegemea atahuzunika, maana waandishi hukataliwa kila siku. Sikutegemea kwamba ataogopa. Bi Zuhura ndiye aliyetueleza sababu, akiwa anakung'uta kahawa kwenye buli, kwa sauti ya chini ingawa Mzee hakuwepo. Mama mzazi wa Mzee alipozeeka aliwasahau wanawe mmoja mmoja, akianza na wadogo. Mzee alikuwa kifungua mimba, akasahauliwa wa mwisho, akamwuguza mwanamke aliyekuwa akimlilia kwa hofu kila asubuhi akimwuliza yeye ni nani. Sasa alidhani zamu yake imefika mapema. Akaanza kujipima. Alituuliza leo siku gani, na kabla hatujajibu aliandika lake kwenye kiganja, kisha akalinganisha. Alikaa kwenye benchi akitaja majina ya watoto wake taratibu, Kulwa, Doto, Shija, kama mtu anayepapasa mifuko kuhakikisha vitu vyake vipo. Hakuandika tena. Katika riwaya muuaji huondoa uhai wa mtu, na mtu hujua ameuawa au hajui, basi. Mimi nilikuwa nimemwibia Mzee Bundala imani ya kichwa chake mwenyewe, naye alikuja kukaa mbele yangu kila siku akiitafuta. Nilijua neno moja langu lingemrudishia. Kila siku iliyopita ililifanya neno hilo kuwa zito zaidi, nami nikaendelea kuchapa barua za watu wa sangara.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mvua za vuli zimeanza, Mzee aliingia shati limemganda mwilini, na hakwenda kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akatoa kwenye mfuko wa nailoni karatasi moja ya daftari, akailaza juu ya taipureta yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii unaijua?"

Ilikuwa mwandiko wake, lakini ni ya sura nyingine kabisa, ya mwanzoni huko, mjane anapomzika mumewe. "Hapana, siijui," nikasema, na baada ya miezi miwili lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kwake.

"Nilikuwa naogopa kulifungua lile daftari," akasema. Hakupandisha sauti, Leokadia aliendelea kuchapa. "Nilijua nisipoukuta mwezi nimekwisha. Jana nikasema liwalo na liwe. Nikakuta pengo sura ya saba. Nikasema basi, niliruka, mimi na mama yangu tumekuwa kitu kimoja. Nikalifunga. Na hii ikaanguka miguuni. Ya kule mwanzoni, ambayo haina kosa na mtu. Kwa nini ianguke? Nikakaa nayo usiku kucha. Mimi nimelea mapacha, Vero. Karatasi za daftari huzaliwa mbili mbili, zimeshikana mgongo, moja huku mwanzoni, nyingine kule mwishoni. Ungechana moja kiholela, kipande kingebaki kwenye pini, na mwenzake angebaki ameshika. Hii imekosa mwenzake kwa wembe, tena kwa mkono wa mtu mwangalifu sana." Akaigonga kwa kidole. "Huyu ni Doto. Kulwa yuko wapi?"

Ningeweza kukana. Wembe ulikuwa wa ofisi, Leokadia naye aliutumia, na nakiri kwamba jina la Leokadia lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nilimtazama Mzee usoni. Nilitegemea hasira, na haikuwepo. Palikuwa na tumaini, tupu, kama la mgonjwa anayemtazama daktari mdomoni. Alikuwa anaomba niwe mwizi. Mimi nikiwa mwizi, yeye ni mzima. Nikainua taipureta upande mmoja, nikaivuta karatasi kutoka chini ya mkeka, nikampa kwa mikono miwili.

Akaisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mbalamwezi akalia, mtu mzima yule, mbele ya mteja aliyekuja kuchapiwa mwaliko wa harusi, kisha akaanza kucheka huku machozi yanashuka. "Niliandika," akasema. "Bi Zuhura, niliandika." Bi Zuhura hakuelewa kitu, akamletea kahawa. Nikamwambia anisamehe. Akasema amenisamehe, kisha akaniinamia kwa udadisi wake wa siku zote, yeye ambaye aliwajua wauaji wangapi sijui, akaniuliza, "Kwa nini hukuichoma?" Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. "Sospeter angeichoma," akasema. Akazikunja karatasi zote mbili pamoja, akazitia mfuko wa shati.

Usidhani mambo yaliishia kwenye kukumbatiana. Hakumwambia Bi Zuhura, na kwa Mama Nyamizi alisema tu kwamba kuna ukurasa ulipotea na umepatikana. Tukauchapa upya, lakini Dar hawakutaka kuona tena. Mzee alianza kitabu cha nne mwezi uleule, kalamu inakimbia kuliko zamani, na daftari akampa Leokadia. Alinisalimia vizuri, aliniuliza habari za nyumbani, hakuniletea tena hata karatasi moja. Katika riwaya muuaji akishajulikana hadithi inakwisha. Hakuna anayeuliza kesho yake mchana anakula wapi. Mimi nilikula palepale, mapanki yaleyale, mwalimu wa hesabu akiniuliza kitabu cha nne namshuku nani. Niliketi meza ya pili nikisikia vidole vya Leokadia vikipita mbio juu ya sentensi za Mzee bila kuzisoma, na iliniuma kuliko kama angenifukuzisha kazi. Mwaka uliofuata nikapata kazi Shinyanga, nikaondoka. Kitabu chenye mgongo Mzee hakukipata, ingawa aliandika vingine sita vya manjano. Kosa langu lilichangia kiasi gani, hilo sitalijua, na nimeacha kujipunguzia.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga kichwani, tayari kujibu, Shija aliporudi kutoka jikoni na kuketi kwenye mkeka, mikono imelowa.

"Dada Vero, usichukie nikikwambia," akasema. "Baba miaka miwili hii ya mwisho kichwa kilimtoka kweli. Kama bibi."

Nikamsogelea kwenye mkeka.

"Ila bibi tunaambiwa alikufa analia kwa hofu. Baba hakuogopa hata siku moja. Ananitazama, analitafuta jina langu, halioni, anatulia kabisa. Anasema, 'Mimi niliandika. Mpiga chapa ameliondoa.' Miwani haionekani, mpiga chapa. Kasahau kama amekula, mpiga chapa. Siku aliyomsahau Kulwa, Kulwa akalia sana, yeye ndiye akambembeleza: 'Usilie mwanangu, hajakuchoma, amekuficha tu. Atakurudisha.' Basi nasi tukazoea. Akihangaika tunamwambia mpiga chapa karudisha, huyu ni Shija, anacheka, analala." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Tulikuwa tunabishana na mapacha kama ni mtu wa kweli au wa kwenye vitabu vyake. Ndiyo nikakuuliza."

Niliweka sahani chini. Nilikuwa nimebeba jibu la miaka mingi, lenye maelezo na umri wangu wa wakati ule na ile saa moja na nusu, na sasa halikuwa na kazi.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Yote?" Alikuwa analia na kucheka kama alivyofanya baba yake.

"Yote. Miwani, na Kulwa, na jina lako. Niliyachukua mimi," nikasema. "Baba yako aliandika kila kitu."